Louis Alikuwa wa Kwanza

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
24 Novemba, 1974.

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Baba.

Natumaini macho yanaendelea vizuri na miwani haikuumizi tena nyuma ya masikio. Mama je, mgongo umepoa? Na yule ng'ombe mweusi ameshazaa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Unga tunaupata kwa foleni, tena ule wa njano ambao watu wa hapa wanauita Yanga, na mashabiki wa Simba wanaula wamenuna. Soko jipya bado linajengwa na vumbi lake linaingia hadi kwenye vitambaa vya dukani, kwa hiyo kazi yangu sasa ni kukung'uta kuliko kuuza.

Barua za watu huanza kwa kutaja madhumuni. Ya hii nimeyaweka chini, kwa sababu nikiyaandika huku juu nitaichana karatasi kama nilivyochana nyingine tatu. Moja tu nilitaje mapema: nataka kuja nyumbani Krismasi, na sijui kama utanipokea. Tangu ulipopanda basi la Moshi mwezi wa saba hujaniandikia hata mstari mmoja. Silalamiki. Nimekukumbuka tu, Baba, na sikujua kwamba mtu mzima mwenye ndevu anaweza kumkumbuka baba yake kiasi hiki.

Nakumbuka ile miezi mitatu uliyokaa kwangu ukitibiwa macho. Jioni nilikuwa nakushika mkono, tunakwenda kwenye kibaraza cha Mzee Nassibu kinyozi, pale Msimbazi, nawe unakaa mwisho wa benchi na kofia yako ya jeshi. Siku ya tatu tu ulikuwa umeshawapa wote habari za bondia Joe Louis. Uliwasimulia jinsi mlivyoonyeshwa filamu kambini, katika kisiwa cha Seloni, kwenye shuka lililotundikwa kati ya minazi, mkamwona mtu mweusi akimwangusha Mjerumani Schmeling katika raundi ya kwanza, na maofisa Wazungu wakapiga makofi pamoja nanyi. Ulisema usiku ule ndipo ulipojua kwamba utarudi nyumbani ukiwa mtu mwingine. Kisha ukatoa ndani ya kitabu cha sala ile picha yake uliyoikata gazetini wakati wa vita, ukampa Mzee Nassibu aitundike juu ya kioo. Mzee Nassibu alikuwa mtu wa Ali, na mpaka leo nashuku ni kwa sababu ya jina tu, lakini aliitundika kwa heshima zote.

Mabishano yale, Baba! Wewe ulisema Louis alishika ubingwa karibu miaka kumi na miwili na kuutetea mara ishirini na tano, na hakuna bondia wa uzito wa juu aliyefanya hivyo. Mimi nikasema miguu ya Ali isingempa Louis mahali pa kupiga. Ukasema miguu ni ya kukimbilia. Nikasema Ali alikubali kunyang'anywa mkanda kuliko kwenda kuwapigania wakubwa vitani, nawe ukaigusa kofia yako ya jeshi, maana wewe ulikwenda. Uwesu, yule mkaanga samaki wa Feri, alikuwa akiahirisha kurudi kwake ili atusikilize, na mkewe akamtumia ujumbe kwamba kama ameoa kibaraza ahamie huko moja kwa moja.

Mwezi uliopita Ali alipigana na Foreman kule Kinshasa. Asubuhi ile kibaraza kilijaa mpaka barabarani. Redio ilipotangaza kwamba Foreman ameanguka raundi ya nane, Mzee Nassibu alitupa wembe akakumbatiana na mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa. Mimi nilipiga kelele, nikageukia mwisho wa benchi ili nikutambie. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, Baba. Pale ulipokuwa ukikaa alikuwa amekaa mtu nisiyemjua. Furaha yote ikaniishia, nikarudi dukani kukung'uta vitambaa.

Wiki ile ile nikapata barua ya Severa. Dada aliandika habari za nyumbani, na katikati akaniambia kwamba wajukuu walikuomba uwasimulie habari za Louis kama zamani, ukawaambia Louis alikuwa bondia mzuri wa kawaida, na kwamba bingwa wa mabingwa wote ni Ali. Walipobisha ukawaambia imeandikwa na wataalamu, mjomba wao Gaudens aliisoma kwa macho yake. Severa alidhani habari hiyo itanifurahisha. Nilikaa kitandani nikalia, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Sasa nimefika kwenye madhumuni. Unakumbuka lile gazeti la michezo ambalo Uwesu alilipata kwa baharia, lenye habari ya kuwalinganisha mabingwa wa uzito wa juu wa zama zote. Lilikuwa la Kiingereza, na pale barazani msomaji wa Kiingereza nilikuwa mimi peke yangu. Macho yako bado yalikuwa yamefungwa bandeji. Ulisema mbele ya watu wote kwamba gazeti hilo ndilo litakaloamua na wewe utakubali litakavyosema. Kisha ukacheka ukasema kwamba Ali ni mdomo mtupu kama huyu mwanao, ambaye kwa umri wake wewe ulikuwa umeshaoa, umeezeka bati na una mibuni mia tatu. Watu wakacheka. Maneno hayo nilikuwa nayasikia kila asubuhi chumbani na nilikuwa nayavumilia, lakini siku ile yalifika barazani.

Nikasoma kwamba Ali ni wa kwanza. Nikasoma kwamba Louis ni wa tano, kwamba wengi aliowapiga walikuwa wachovu, na kwamba angepigana zama hizi asingefika raundi ya sita.

Baba, gazeti halikusema hivyo. Liliandika Louis wa kwanza, Ali wa nne. Hayo mengine niliyatunga nikiwa nimelikodolea macho gazeti, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Nilitaka siku moja tu ukosee mbele ya watu. Wewe hukubisha wala hukuuliza mara ya pili. Ulipapasa ukutani mpaka ukaipata picha, ukaitoa msumarini, ukasema kama imeandikwa basi imeandikwa. Bandeji zilipofunguliwa ulikata tiketi, na asubuhi ya safari uliondoka nimelala.

Mapema mwezi huu nilisimama pale pale kibarazani nikalisoma gazeti upya, safari hii kama lilivyo. Uwesu aliniita mshenzi. Mzee Nassibu alimaliza kumnyoa mteja wake, akaniambia tangu leo nitakuwa nanyolewa kwingine mpaka baba yangu aseme vinginevyo. Ndiyo maana nywele zangu sasa ni kichaka.

Ndani ya bahasha nimeweka ukurasa wenyewe. Usiniamini mimi, mpelekee Mwalimu Kasmir akusomee, na wajukuu wawepo. Nimeweka pia jani la isale, la kuombea msamaha kama ilivyo desturi yetu. Nililitafuta mji mzima, maana huku watu hawalijui, mpaka nikaelekezwa kwa Mama Clotilda wa Rombo, ambaye amelipanda ndani ya debe mlangoni kwake, Mtaa wa Sikukuu. Aliniuliza nimemkosea nani. Nilipomwambia ni baba yangu mzazi, alilikata mwenyewe, akalifunga fundo na kunipa. Likikufikia limekauka, ni sababu ya safari. Najua isale likiletwa halirudishwi, lakini sikulileta ili nikulazimishe. Nimelileta kwa sababu maneno yangu umeshayasikia, na yalikuwa ya uongo.

Severa anasema picha ya Louis umeifukia chini kabisa ya sanduku. Nitashuka Moshi tarehe ishirini na tatu. Nikifika mlangoni nikaiona ukutani, nitaingia. Nisipoiona, nitamsalimu Mama nje na kwenda kulala kwa Severa, na sitakulaumu.

Nisalimie Mama, mwambie namletea kanga mbili. Nisalimie Severa na watoto wake, na majirani wote wanaoniulizia, kama bado wapo. Mzee Nassibu na Uwesu wanakusalimu sana. Salamu zao ni za kweli kuliko zangu.

Lakini Baba, nisikudanganye mara ya pili: mimi bado naamini Ali angempiga Louis, baada ya raundi kumi na tano, kwa pointi. Naomba unikatalie. Hakuna mtu mwingine ninayetaka anikatalie.

Ni mimi mwanao,
Gaudens