Matundu Chini ya Madumu

Mwanjelwa, Mbeya
Mei 6, 2024

Mdogo wangu Hamza,

Asalaam aleikum. Mie mzima, ila goti linatabiri baridi kabla ya redio. Huko Ruaha Mbuyuni nyanya zimeitikaje?

Madumu yako thelathini yameshuka na lori, na barua yako ndani ya la kwanza kama kawaida yetu. Unanijua, siachi kitu kitupwe. Mlango wa friji mbovu nimeufanya meza ya kibanda changu cha chai. Wateja wanasema chai inapoa upesi juu yake. Madumu nayafunga bomba, yawe ya maji ya kunywa. La kwanza nimempa jirani yangu Severina, bure.

Ila kila dumu lina tundu kitakoni, limezibwa kwa plastiki ya kuyeyusha. Mkono wako naujua. Nani alitoboa vyombo vizima? Vilikuwa na nini?

Dada yako, Mwanaidi


Ruaha Mbuyuni
Mei 13

Dada,

Waaleikum salaam. Nyanya zimekubali, bei imekataa.

Matundu ni panya. Yalikuwa na sabuni, basi. Tajiri wa shamba huyatupa, mie nikaona dhambi. Yasuuze kwa jivu, kama mama alivyosuuza vibuyu. Nakukusanyia mengine arobaini.

Goti lipake mafuta ya nazi.

Mdogo wako, Hamza


Mbeya
Mei 22

Hamza,

Salaam, na afya njema kwako na wote hapo.

Panya wa huko wana keekee? Matundu yote duara, yote sehemu moja.

Nimesuuza kwa jivu mara tatu. Jivu limetoka na harufu ya shamba lililopuliziwa. Na kuku sita wa Severina wamekufa. Aliwawekea maji ya lile dumu. Walizunguka kama walevi, povu mdomoni. Mengine sijatoa hata moja, na Severina nimemwambia asitumie lake mpaka unijibu. Nakuuliza mara ya pili: yalikuwa na nini?

Dada yako


Ruaha Mbuyuni
Mei 30

Dada,

Poleni kwa kuku. Hicho ni kideri, kimezagaa nchi nzima, hata huku majogoo wamenyamaza. Mwambie Severina achanje, asitafute mchawi kwenye dumu.

Vitunguu vimeanza kung'olewa. Joto la huku, ukianika shati linakauka kabla hujalikamua.

Mdogo wako


Mbeya
Juni 8

Hamza,

Salamu zitasubiri.

Barua yako nilimsomea Severina neno kwa neno. Akacheka pale pa mchawi. Akasema, "Basi kaka yetu kasema," akalijaza dumu.

Binti yake Ikupa, miaka minne, yuko hospitali tangu jana. Mate yanamtiririka, mboni zimekuwa ncha ya sindano. Daktari anasema ni sumu ya shambani, lakini ziko nyingi. Wanamtibu huku wanabahatisha. Anataka jina. Nimekupigia mara kumi na saba, simu inaita mpaka inakata. Ndiyo maana nimempa barua hii kondakta wa basi la asubuhi, akutie mkononi.

Madumu yaliyobaki nimeyakata yote kwa msumeno.

Severina hajaniuliza kitu. Kakaa kitandani kwa mtoto, ananiita dada vilevile.

Sikuulizi kwa nini. Jina tu, Hamza. Hata herufi za mwanzo.

Mwanaidi


Ruaha Mbuyuni
Juni 8, alasiri

Dada,

Simu niliiona ikiita, nikaigeuza kifudifudi mpaka chaji ikaisha; umeme hapa hakuna.

Ilikuwa dawa ya wadudu wa nyanya. Tajiri alitoboa madumu ili mtu asije akayatumia tena. Nikaziba. Niliona huruma, vyombo vizuri vile.

Jina silijui. Lebo nilizibandua kwa wembe, moja moja, nikazichoma, upokee madumu safi. Nimetoka shambani sasa hivi. Stoo ina kufuli na tajiri kasafiri. Nimeuliza vibarua wote. Mmoja anakumbuka lebo ya rangi nyekundu. Mwingine anasema ya njano.

Lori lililobeba barua hii linanitangulia. Mie nafuata na basi la jioni. Daktari mwambie nyekundu au njano. Mwambie hivyohivyo.

Usinijibu. Barua haitanikuta.

Hamza