Kitufe Ambacho Mama Hakukiona

12 Mei

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Nimejiapiza kukueleza yote, hata yatakayokuuma. Mimi mzima, lakini Mama anasumbuliwa na jicho la kulia. Jana alishona mfuko wa shati kwa ndani, mteja akamtania, "Mama, huu hata mwizi hataufikia!" Akacheka, kisha akanipa sindano nimtungie uzi.

Daktari wa macho anayekuja mara moja kwa mwaka ameondoka bila kumpasua. Tulijaza fomu ya miadi mtandaoni kwa simu uliyomtumia, tukafika siku yenyewe, karani akasema hatukuthibitisha. Kaka, kitufe cha kuthibitisha hatukukiona. Ukurasa uliishia kwenye jina lake. Muuguzi anasema mwakani jicho hilo litakuwa limechelewa.

Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Poleni sana. Kwenye kompyuta yangu kitufe kipo, labda mliharakisha. Mama aendelee na kivinjari chetu, programu ya kufungulia kurasa za mtandao tunayotengeneza hapa kazini. Ni chepesi kwa sababu ofisini tumeacha kanuni nyingi za kusoma kurasa tulizoona hazina kazi. Mbusu kwa niaba yangu.

Kaka yako

29 Mei

Kaka,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nilikwenda maktaba, mkutubi akaufungua ukurasa ule kwa vivinjari vitatu. Kwa viwili kitufe kipo. Kwa chenu hakipo; nadhani wewe uliufungua kwa kingine.

Akaniambia, "Binti, mwenye ukurasa huandika mara moja, akiamini kila kivinjari kitausoma kwa kanuni zilezile. Kimoja kikijifanya mjuaji, anayeumia ni msomaji." Kumbe kanuni mlizoziacha ndizo zilizobeba kitufe cha Mama.

Nikamwomba Mama tuweke kivinjari kingine. Akakataa katakata. "Hiki kakitengeneza mwanangu. Kosa ni langu, sikuangalia vizuri." Humwambia hivyo kila mteja, huku akipapasa kitambaa kutafuta mshono. Nikaenda kulia bafuni.

Najua hukukusudia. Naamini pia mnaweza kukirekebisha kabla mama wa mtu mwingine hajajaza fomu kama ile. Lakini Mama wetu anajilaumu kwa kosa lisilo lake, na mimi siwezi kuendelea kukaa kimya mezani.

Tafadhali nijibu mara upatapo barua hii: utamwambia wewe, au nimwambie mimi?

Mdogo wako