Cheti cha Kifo cha Barasa

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimeshona sare mbili, nikapiga foleni ya maji, nikarudi kwa cherehani. Wiki tatu tangu tumzike mume wangu Barasa kwao Bungoma. Pensheni yake bado iko ofisini alikofanya kazi. Wanataka cheti cha kifo na barua ya chifu kwamba mimi ni mkewe. Cheti anacho Wekesa, kaka yake, wa Kawangware. Alikichukua matangani, eti atakitunza.

Jumatano, 8 Machi
Nimetembea mpaka Kawangware. Wekesa amenikaribisha vizuri mno. Chai, mkate. Halafu: "Shemeji, cheti utapata. Lakini kwanza nikurithi uwe mke wangu, kama desturi ya kwetu. Ndiyo twende kwa chifu pamoja." Mkewe alikuwa nyuma ya pazia, anasikia. Nikasema nitafikiria. Uongo. Nilitaka kuufikia mlango tu.

Ijumaa, 10 Machi
Barasa alikonda hadi nikawa nambeba kama mtoto. Nyumbani hakuna aliyetaja ule ugonjwa. Mimi daktari aliniambia: ukimwi. Labda ninao pia. Nikimkubali Wekesa, nitamuua. Na mkewe. Nikimkataa, watoto watakula nini?

Jumamosi, 11 Machi
Wekesa amekuja hapa kwangu Laini Saba. Hakuketi. "Huna cheti cha ndoa. Nitamwambia chifu ulikuwa unakaa naye tu." Kweli sina. Ng'ombe wa mahari walipelekwa kwetu, karatasi hatukuandika. Amesema atarudi Jumamosi ijayo. Nimesukuma meza mlangoni. Mchana kweupe.

Jumatatu, 13 Machi
Nimempa dereva wa basi la Bungoma barua ampelekee mama mkwe. Nimeandika yote. Hata ugonjwa. Ni mwanawe ninayemshtaki. Anaweza kunifukuza, achukue na watoto.

Jumatano, 15 Machi
Kimya. Kila hatua nje nadhani ni Wekesa.

Alhamisi, 16 Machi
Mama mkwe amefika saa nne asubuhi. Hakunisalimia. Ameacha kikapu, akaulizia njia ya Kawangware, akaenda peke yake. Nilijua nimekwisha. Nikaanza kukunja nguo za watoto.

Amerudi saa tisa. Ametoa cheti kifuani, kimelowa jasho. "Nimezika mmoja," amesema. "Sitaki kuzika wawili." Akaomba maji.

Ijumaa, 17 Machi
Kwa chifu. Wekesa alikuwepo, anatazama viatu vyake. Chifu akauliza nani anathibitisha ndoa. Mama akasimama. "Huyu ndiye aliyemwosha mwanangu mpaka siku ya mwisho. Ng'ombe niliwapeleka mimi." Muhuri ukagongwa. Kisha ofisini kwa pensheni wamepokea karatasi zote. Wamesema tungoje miezi.

Jumapili, 19 Machi
Mvua kidogo. Wekesa hakuja jana. Mama amekataa kuondoka kwanza. Jumanne atanipeleka hospitali nikapimwe damu. Naogopa sana. Nimemwambia hivyo. Akanisogezea kisu, tukakata sukuma wiki pamoja mpaka ikaisha.