Mjomba Ananitangulia kwa Pikipiki Nikikimbia

Mama Uwineza mpendwa, wewe unayejibu barua gazetini, nisaidie, maana kwa mdomo nimeshindwa, na hata barua hii ni ya tatu, mbili za kwanza nimezichana. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma sekondari, naishi Kimisagara, hapa Kigali, na mama yangu, na nina pumu tangu utotoni. Nimezoea vitabu kuliko watu, lakini mwaka huu nimependa kukimbia, na baada ya wiki tatu shule yetu ina mbio za kilomita tano, nikajiandikisha, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwangu, hata mimi mwenyewe.

Mwanzoni nilikimbia huku kwetu bondeni, lakini kuna vumbi, na mafundi wanapiga rangi na kuchomelea vyuma tangu asubuhi, kifua kinabana kabla sijafika mbali. Daktari wa kituo cha afya akasema kimbia, hakuna ubaya, ila tafuta njia yenye hewa safi na pampu yako ya dawa ya kuvuta ikae mfukoni. Basi nikakaa na ramani jioni mbili, nikachora njia ya Kiyovu, kule kwenye miti na nyumba za zamani, nikaepuka miinuko mikali, nikaandika kila kona kwenye daftari. Mama akasema Kiyovu ni mbali, labda mjomba akupeleke. Mjomba ni mdogo wake mama, ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki, akakubali kunipeleka kila Jumamosi asubuhi, anishushe, anisubiri.

Hakunisubiri, Mama Uwineza. Nilipoanza tu kukimbia akawasha pikipiki akanitangulia kwa gia ya kwanza, eti ananifungulia njia, kama msafara wa waziri, huku akiniangalia kwenye kioo, na pikipiki yake si ya umeme, ni ile ya zamani, na moshi wote wa ekzosi unaingia usoni kwangu. Walinzi wa mageti wanacheka. Motari mwenzake alipita akampigia kelele, "Yewe, umeangusha abiria!" na mjomba akajibu, "Huyu iko mgonjwa, usicheke!" mtaa mzima ukasikia. Nikikohoa anasimama na kuninyooshea helmeti. "Haya, panda. Si nilisema?" Tukifika nyumbani anamwambia mama, "Leo amekohoa mara sita," na mama amesema akisikia nimekohoa tena Jumamosi ijayo atakwenda shuleni mwenyewe jina langu lifutwe.

Sasa nimwambieje kwamba moshi wake ndio unaonikohoza? Anaacha abiria wa asubuhi kwa ajili yangu, na nilipokuwa na miaka sita yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali. Nikifungua mdomo naona kama namwambia kwamba ugonjwa ni yeye.

Halafu kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumamosi mbili sasa pampu naiacha nyumbani, kwa sababu akiniona naivuta ataihesabu nayo. Jumamosi iliyopita kifua kilibana nikakaa ukingoni mwa barabara nikajifanya nafunga kamba za raba mpaka pumzi ikarudi, akaniuliza kama niko sawa, nikaitikia kwa kichwa, maana sauti haikutoka.

Je, niache mbio?

Msichana wa Kimisagara

*

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini, nikazunguka meza. Wanaoniandikia wote wana tabia hiyo: jambo la hatari wanalificha mwisho, baada ya ramani na walinzi. Ulikaa barabarani huna pumzi, ukaitikia kwa kichwa kwamba uko sawa! Una akili ya kuchora kila kona ya Kiyovu, halafu dawa unaificha nyumbani ili upate sifa ya mzima? Mtu mwenye pumu anayevuta pampu yake si mgonjwa zaidi ya yule aliyeiacha. Ana busara zaidi, basi. Kuanzia leo pampu mfukoni. Rudi kwa daktari wiki hii, umweleze ya Jumamosi bila kupunguza neno, na mpaka umwone, usikimbie hata hatua moja.

Sasa mjomba. Pole, mwanangu, nakuelewa. Ni vigumu kumlalamikia mtu aliyekubeba mgongoni. Lakini angalia unachomfanyia: mtu anakupenda, anakudhuru bila kujua, na wewe unamwacha aendelee kwa sababu ya haya. Hiyo si heshima. Siku akijua, na atajua, atauliza kwa nini ulimwacha akuvutishe moshi kila wiki. Hotuba haihitajiki. Mwambie: "Mjomba, asante kwa kunileta. Moshi wa pikipiki ndio unaonikohoza. Zima injini, unisubiri hapa." Ukiona aibu, mwandikie kwenye karatasi. Kuandika unaweza, nimeona.

Kisha mama. Anahukumu kwa hesabu ya mjomba, hajaona kwa macho yake. Daktari akikuruhusu, Jumapili hii ni siku ya barabara bila magari, na pikipiki nazo haziruhusiwi. Mwombe mama aje, mjomba naye aje kwa miguu yake, wakuone ukikimbia bila moshi. Ukikohoa hata hapo, tutakuwa tumejua ukweli, na daktari ndiye ataamua kuhusu mbio. Si mjomba, si wewe, wala si mimi.

Jibu hili nimekutumia leo Jumatatu kwenye anwani uliyoniandikia. Gazetini litatoka Ijumaa. Jina lako halimo, lakini motari anayemtangulia mpwa wake kwa gia ya kwanza Kigali nzima ni mmoja, na motari husoma gazeti wakingoja abiria. Una siku nne za kumwambia wewe mwenyewe.

Mama Uwineza