Kamba ya Chui Ikunjwe

Yunis na Silas,

Nimewahi shamba Soga, nitarudi alasiri. Maharage yapo jikoni, yapasheni tu. Silas bado unakohoa, usitoke. Yunis atamtembeza mbwa wetu Chui jioni, barakoa usoni, kwa njia ya nyuma isiyo na watu. Yunis, ukikutana na mtu, mpishe mita mbili. Na kamba ikunje, ibaki fupi!

Mimi alfajiri sikuikunja. Tulikutana na jirani yetu Mzee Salehe akienda msikitini. Nikasogea pembeni kwa ajili ya corona, nikajiona nimefanya la maana. Kumbe nimejitenga mimi, mbwa nimemwachia kamba yote. Chui akamfikia, akamlamba kanzu. Mnajua mate ya mbwa kwao ni najisi. Ilibidi arudi nyumbani kubadilisha, swala ya jamaa ikampita.

Miaka sita tunamsema humu ndani kwamba ana maringo, eti akimwona mbwa wetu anavuka upande wa pili. Na mimi nilisema, najua. Leo nikasubiri anifokee. Akasimama kulekule mbali, kanzu ameishika isimguse mguu, akaniuliza, "Kifua cha Silas kinaendeleaje?"

Hao tuliozoea kupeana nao mikono hajauliza hata mmoja.

~~Yunis, nenda ukamwombe radhi.~~ Hapana, nitaenda mwenyewe, nitasimama nje ya uzio.

Silas, akipita, mwamkie kutoka uani, kwa sauti, umwambie kifua kinaendeleaje.

Mama