Kola ya Baba

Mdogo wangu Kifungo,

Salamu nyingi. Natumaini ngiri inakusumbua kiasi cha kuvumilika tu. Sisi hatujambo, goti langu limepona, na shemeji yako anakusalimu.

Wengi hukosea kudhani kwamba anayekoroma amelala fofofo. Nami nilidhani hivyo. Unakumbuka Baba alivyojilaza mchana nyuma ya cherehani, futi ikining'inia shingoni? Alikoroma hadi vifungo vikatetemeka koponi, kisha kimya. Nasi tulibana pumzi kushindana naye. Wewe ulishindwa kila mara, mashavu yamekuvimba. Mara alishtuka, akavuta pumzi kwa kishindo, akauliza nani kaficha chaki yake. Hata leo nikisikia harufu ya kitambaa kilichotoka kupigwa pasi, namwona pale.

Kabla ya kupasuliwa goti, nesi aliniuliza kama nakoroma. Nikasema hapana. Shemeji yako akadakia kwamba basi lile trekta linalonguruma kitandani mwetu ni la jirani. Nesi akanipima shingo, maana shingo nene ni dalili mojawapo: inchi kumi na saba. Nikapewa kifaa cha kulala nacho nyumbani, kimenibana kidole, mrija puani. Kikaonyesha pumzi yangu inakatika mara thelathini na moja kwa saa. Daktari wa usingizi alinieleza kwamba koo hulegea usingizini likajiziba, na dawa za usingizi za upasuaji hulilegeza zaidi. Akijua mapema, huchagua dawa kwa uangalifu na hakuachi peke yako mpaka uamke sawasawa.

Sasa nikwambie nililolificha miaka ishirini na sita. Siku Baba alipolazwa, wewe ukiwa masomoni, daktari aliniuliza mimi kama mzee hukatika pumzi akilala. Nilijua, ndio uliokuwa mchezo wetu. Niliona haya kumsema Baba mbele ya wageni, nikajibu kwamba hulala kama mtoto. Alipasuliwa vizuri. Wakamrudisha wodini, akasinzia, hakuamka tena. Tuliambiwa ni moyo, na huenda ni moyo kweli. Lakini niliulizwa, nikadanganya. Unisamehe.

Mashati yako nakukatia mimi tangu harusi yako, na kola yako sasa ni kumi na saba na nusu, kama ya Baba. Mkeo naye amemwambia shemeji yako kwamba hukaa macho akingoja uvute pumzi tena. Upasuaji wako wa ngiri ni Alhamisi.

Wabusu watoto kwa niaba ya baba yao mkubwa. Leo hii funga duka, uende na mkeo kwa nesi, umwache yeye ajibu maswali.

Ni mimi kaka yako.