Nyumba ya Bwana Kengele

Awendo,
14 Agosti, 1966

Kwa kaka yangu mpendwa Nicanor,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, nami natumaini zinakukuta mzima huko Voi, wewe na shemeji, na Zilpah na wadogo zake. Ule mguu ulioumia pale stesheni umepona sawasawa? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, anasikia yale anayotaka kuyasikia tu, na bado ananiita mtoto mbele ya wanafunzi wangu. Mimi nami ni mzima, ila kitambi kimenifikia kabla ya mvi. Mke wangu Filister anasema hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kujenga kwa juhudi zangu mwenyewe.

Utashangaa mbona nakuandikia Kiswahili badala ya Dholuo. Vumilia kidogo, sababu iko mbele.

Habari kubwa ni hii: nimenunua nyumba ya Bwana Kengele. Tafadhali kaka, usiikunje barua. Soma tu.

Shemeji na watoto hawaijui, basi niwaeleze. Ni ile nyumba ya mawe iliyo kilimani, ya kwanza kuezekwa mabati upande wetu, kabla ya vita vile vya kwanza. Mabati yalishushwa gatini Homa Bay yakabebwa vichwani siku tatu mpaka hapa, na babu yetu alikuwa mmoja wa wabebaji. Mpaka anakufa alikuwa na kovu utosini, na mgeni hakupewa uji kabla ya kuonyeshwa. Mzungu mwenyewe tulimwita Bwana Kengele kwa sababu ya kengele ndogo ya shaba aliyoiweka mezani pale barazani. Akitaka chai, anapiga. Akitaka viatu, anapiga. Na aliyekimbia kila ilipolia alikuwa Nicanor, kijana wa miaka kumi na saba, mwenye aproni nyeupe.

Sasa Mzungu huyo amezeeka, amerudi kwao. Niliuza karibu ng'ombe wote, wewe unajua nilivyowapenda, na sijuti. Milango ni ya mvule, haijaliwa hata na mchwa mmoja. Darini kuna popo, lakini nimewapa ilani kwa maandishi, kama mwalimu mkuu. Kuna na bafu la chuma lenye miguu kama ya simba, ambalo Filister ameshaamua ni la kulowekea mihogo.

Taabu yangu ni moja tu: siwezi kulala humo.

Baba mdogo Walter aliwaita wazee waamue kama mila inaniruhusu. Wengine walisema nyumba ya kununua si boma, kwa kuwa sikusimamisha hata nguzo moja. Wengine wakasema nguzo ni nguzo, tukate lango jipya yaishe. Baba mdogo akawanyamazisha wote. Alisema lango linakatika, lakini mdogo hatoki kwa baba yake kwenda kufungua boma, yaani kuanzisha makao yake mwenyewe, kabla ya mkubwa wake. Nicanor hajafungua boma. Alikuja kumzika baba yake, siku ya nne akapanda basi. Basi Dishon atangoja.

Ndiyo hivyo, kaka. Mwalimu mkuu wa miaka arobaini na minne, mke mmoja, watoto watano, na bado nakaa katika simba yangu, kibanda cha kijana, langoni kwa marehemu Baba. Kila asubuhi ya Jumamosi napanda kilimani, nafungua madirisha, nakaa barazani kama bwana mkubwa. Jioni nafunga, nashuka. Filister ananiita mlinzi asiye na mshahara. Nyamweya wa duka huniuliza kwa sauti, watu wakisikia: "Mwalimu, leo nyumba yako imekukaribisha chai?"

Baba mdogo, kwa huruma, aliniambia iko njia: nikujengee kibanda kidogo kwa jina lako, wazee wakione, kisha nipite. Nilikataa. Wazee wakanisifu sana, wakasema huyu kweli anamheshimu kaka yake. Sifa zile ziliniunguza kuliko kicheko cha Nyamweya, kwa sababu hawakujua kisa.

Siku ya kutia sahihi, yule mzee wa Kizungu alinizungusha nyumba nzima, akaniambia kwa miaka yote hiyo hajapotelewa na kitu humu isipokuwa kengele, iliyoibwa na kijana wa jikoni. Nikatia sahihi.

Kaka, kengele ile niliichukua mimi.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuja kukuletea viazi kutoka kwa Mama, nikaikuta mezani, nikaona itampendeza yule ndama wangu mwekundu shingoni. Mlipoanza kuitafuta niliogopa, nikaisukuma ndani ya tundu la hewa chini ya baraza. Nilisimama pale wakikuvua aproni. Nilisimama tena barazani kwa chifu walipokuita mwizi, na wewe ulinishika mkono ukaniambia nisilie. Ukaenda zako. Nimekuwa mwalimu, nikawachapa watoto wa watu kwa kusema uongo.

Siku niliyopewa funguo niliingiza mkono katika lile tundu. Iko. Imeota kutu ya kijani, lakini inalia.

Nimemwambia Mama. Hakunipiga, ingawa nilimsogezea mgongo. Aliinywa chai yake mpaka ikaisha, kisha akasema: "Mwambie yeye kwanza. Halafu waambie wale waliosikia."

Kwa hiyo njoo Desemba, shule zikifungwa. Kengele nimeirudisha tunduni. Utaitoa wewe, mbele ya Baba mdogo, wazee na Nyamweya, nami nitasema kwa mdomo wangu mwenyewe. Kisha chukua shoka lako, mwanao wa kiume abebe jogoo, shemeji abebe moto, mfungue boma lenu. Upande wa juu wa kilima ni wako, nimeshaufyeka. Mimi nitafuata nyuma yako, kama inavyotakiwa. Ukikataa sitakulaumu, nitaendelea kulinda madirisha. Lakini nakujua, utakuja.

Na sababu ya Kiswahili ni hii: mpe Zilpah aisome kwa sauti, mama yake na wadogo zake wasikie, kwa lugha wanayoijua, kwamba baba yao hakuiba kitu.

Mama anakusalimu, Filister anakusalimu, na watoto wanauliza mtakuja wangapi ili wahesabu vikombe.

Ni mimi mdogo wako,
Dishon